Supa dupleksi kwenye kibadilisha joto: namba ipi ya mkazo ndiyo halali?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko kwenye karakana ya vyombo vya presha huku Oman. Tunasanifu kibadilisha joto cha mirija na ganda kwa kanuni ya ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani), Sehemu ya VIII, Divisheni ya 1. Maji ya bahari yanapita ndani ya mirija kwa presha ya MPa 1, gesi iko upande wa ganda kwa MPa 6, na joto la usanifu ni 120 °C pande zote mbili. Mirija ni SA-789 S32750 isiyo na mshono, kipenyo cha nje mm 19.05, unene mm 1.65. Sahani za mirija (bamba nene zenye matundu yanayoshika ncha za mirija), moja kila mwisho na zote zimelehemiwa kwenye ganda, ni SA-182 F53 ya kufuliwa, na kwa sasa tumekadiria unene wa mm 90. Ganda ni SA-516 Daraja la 70. Tatizo letu ni mkazo unaoruhusiwa (mzigo kwa eneo ambao kanuni inakubali chuma kibebe) wa supa dupleksi, yaani hiyo stenlesi yenye nguvu ya mirija na sahani. Mmoja wetu kachukua theluthi mbili ya 550 akapata MPa 366. Mwingine kaleta 267 kutoka jedwali la mabomba. Programu inatoa 221. Muuzaji wa sahani katuma hesabu ya Ulaya yenye 292. Tushike ipi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwa mirija, shikeni 221. Kwa sahani za mirija, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyo sahihi: namba yenu ni karibu MPa 202, na nitaonyesha inatoka wapi. Hizo nne hazikuzuka hewani. Kila moja ina chanzo cha kweli, na ndiyo sababu zinadanganya kirahisi hivyo.

Kosa linaanzia kwenye swali lenyewe, pale mnapouliza mkazo wa "supa dupleksi" kana kwamba ni tabia ya aloi kama ulivyo uzito wake. Mkazo unaoruhusiwa ni mali ya mstari mmoja kwenye jedwali la kanuni moja. Mstari huo unatambulishwa na namba ya aloi, umbo la bidhaa (mrija, bamba, bomba au kipande cha kufuliwa), unene wa kipande, na joto. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo, nawe umehamia mstari mwingine au safu nyingine.

Tuanze na 366. Aliyeipata alijua nusu ya kanuni. Katika Sehemu ya II, Fungu D, Kiambatisho cha 1, mkazo wa Divisheni ya 1 chini ya joto la mnyauko (joto ambalo chuma huanza kurefuka polepole chini ya mzigo) ni namba ndogo kuliko zote kati ya hizi: nguvu ya kukatika iliyogawanywa kwa 3.5, theluthi mbili ya kikomo cha unyumbufu, na namba hizo mbili zikiwa zimerekebishwa kwa joto husika. (Nikisema nguvu ya kukatika nina maana ya mkazo wa juu kabisa kabla kipande hakijakatika. Kikomo cha unyumbufu ni ule ambao chuma kikishaupita hakirudi tena umbo lake, yaani ule wa asilimia 0.2.) Kwa stenlesi za kawaida zinapopata joto, mara nyingi kikomo cha unyumbufu ndicho kinachotawala, kwa hiyo mazoea ya "theluthi mbili" hayaleti madhara. Supa dupleksi imegeuza mambo. Kikomo chake cha unyumbufu kiko juu mno ukilinganisha na nguvu yake ya kukatika: S32750 kwa mirija ina angalau MPa 550 dhidi ya MPa 800. Theluthi mbili ya 550 ni 366, lakini 800 kwa 3.5 ni 228 tu. Ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa aloi hii, katika Divisheni ya 1, nguvu ya kukatika inatawala kuanzia joto la kawaida hadi mwisho wa jedwali.

Hapo hapo kuna jambo la kuwapunguzia kazi. Waliozoea 304 na 316 wanajua kwamba jedwali linawapa mistari miwili, wa chini na wa juu, na wa juu unaruhusu hadi asilimia 90 ya kikomo cha unyumbufu mahali ambapo kujikunja kidogo hakuleti uvujaji. Msitafute mstari wa pili kwa S32750. Haupo, kwa sababu si kikomo cha unyumbufu kinachoibana.

Namba 267 inatoka ASME B31.3, kanuni ya mabomba ya viwandani. Kigawanyo chao ni 3, si 3.5: 116 ksi kwa 3 ni 38.7 ksi, ambayo ni MPa 267. (Ksi moja ni pauni elfu moja kwa inchi ya mraba, takriban MPa 6.9.) Ni namba sahihi ya bomba linaloingia kwenye chombo chenu, kwenye joto la kawaida. Inakoma kuwa sahihi pale bomba linapokutana na shingo ya chombo. Hili ni kosa la kila siku, kwa kuwa wasanifu wa mabomba na wa vyombo hukaa ofisi moja na majedwali yote yana jina la ASME.

Ile 292 ya Ulaya ni ya EN 13445, kanuni ya Ulaya ya vyombo vya presha. Huko chuma cha aina hii hupewa ndogo kati ya kikomo cha unyumbufu kwenye joto la usanifu kwa 1.5 na nguvu ya kukatika ya joto la kawaida kwa 2.4. Agizo la Ulaya la vyombo vya presha lina uwiano huo huo, limeuandika tu kama 5/12. Bamba la 1.4410, ambalo ndilo ndugu wa S32750, linapewa na EN 10028-7 kikomo cha MPa 450 kwenye 100 °C na MPa 420 kwenye 150 °C. Katikati, kwenye 120 °C, unapata 438, na 438 kwa 1.5 ni 292. Nguvu ya kukatika ya chini ni 730, ambayo kwa 2.4 ni 304. Basi kule kikomo cha unyumbufu ndicho kinachotawala, kinyume kabisa na kwenu. Muuzaji hakukosea hesabu. Ila namba hiyo inakuja na mzigo wake mzima: vipimo vya Ulaya, ukaguzi wa mishono wa Ulaya, vyeti vya Ulaya. Huwezi kuichomoa peke yake na kuibandika kwenye chombo kitakachopigwa muhuri wa U, alama ya ASME ya Divisheni ya 1.

Ikiwa mkazo mkubwa unawavutia kwa sababu ya bei ya chuma, njia ya halali ndani ya ASME ni Divisheni ya 2, ambako kigawanyo cha nguvu ya kukatika kwa vyombo vya Daraja la 2 (Class 2) ni 2.4, kiwango kilichoanza na toleo la 2007. Kwa 116 ksi hiyo ni 48.3 ksi, yaani MPa 333 kwenye joto la kawaida. Lakini Divisheni ya 2 ina jedwali lake, hivyo hakikisheni kwanza kwamba mstari wa bidhaa yenu umo ndani yake. Ina pia madai yake ya uchambuzi na ukaguzi. Kwa chombo cha MPa 6 chenye ganda la chuma cha kaboni, sioni faida yake.

Sasa tusome jedwali lenyewe. Fungueni Jedwali 1A la Fungu D, toleo lilelile lililoandikwa kwenye mkataba. Hili la toleo si urasimu: kigawanyo cha Divisheni ya 1 kilikuwa 4 hadi nyongeza za 1999 zilipokiteremsha hadi 3.5, na bado hesabu za zamani zinazunguka kwenye makabati ya karakana. Tafuteni SA-789, S32750, mrija usio na mshono. Kabla ya kukimbilia safu za mkazo, someni safu za kushoto: nguvu ya kukatika 116 ksi, kikomo cha unyumbufu 80 ksi, kundi la kulehemu P-No. 10H, na joto la juu kabisa linaloruhusiwa kwa Sehemu ya VIII, ambalo ni 316 °C. Kisha safu ya chati ya presha ya nje, na safu ya vidokezo. Vidokezo hivyo vina uzito wa sheria, na kimoja chao kinaonya kwamba chuma hiki huweza kuwa kama kigae kikikaa kwenye joto la wastani.

Safu za mkazo zinasema 33.1 ksi hadi 100 °F, 33.0 kwenye 200 °F, 31.2 kwenye 300 °F, 30.1 kwenye 400 °F. Joto lenu la 120 °C ni 248 °F. Kanuni inaruhusu kupiga mstari ulionyooka kati ya nukta mbili: toka 33.0 hadi 31.2 ni mshuko wa 1.8, mmetembea asilimia 48 ya njia, basi 33.0 toa 0.86 ni 32.1 ksi. Hiyo ni MPa 221. Programu yenu ilikuwa sahihi kwa mrija. Kama hesabu yenu yote iko kwenye vipimo vya metriki, tumieni toleo la metriki la Fungu D na mpige mstari humo humo. Msichanganye vitabu viwili ndani ya hesabu moja, maana tofauti ndogo za kukadiria huwapa wakaguzi kazi ya siku nzima bila faida.

Mngekuwa mmeagiza mirija yenye mshono wa kiwandani, jedwali lingewapa mstari mwingine uliokwisha kupunguzwa kwa 0.85, kwa hiyo 33.1 ingekuwa 28.1. Hapa watu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza huchukua 28.1 na kuizidisha tena kwa 0.85 ya ufanisi wa mshono, wakalipa deni mara mbili. Wa pili huipeleka 28.1 kwenye hesabu ya sahani ya mirija ya Sura ya UHX, ambako kanuni inataka waziwazi mkazo wa mrija usio na mshono wa aina hiyo. Mstari huo usipopatikana, unagawanya kwa 0.85 kuurudisha. Sababu yake ni rahisi kuona. Mshono umelala kwa urefu wa mrija, basi unadhoofisha mrija dhidi ya presha inayotaka kuupasua, lakini hauudhoofishi unapovutwa kutoka mwisho hadi mwisho, na kuvutwa huko ndiko UHX inakokupima.

Tukija kwenye sahani ya mirija, ndipo mtego mkubwa ulipo. Programu ilichagua SA-182 F53 na kuwapa 221 ileile ya mrija. Lakini SA-182 ina tanbihi kwa F53: kipande kinene kuliko mm 50 kinadaiwa MPa 730 tu za nguvu ya kukatika na MPa 515 za kikomo cha unyumbufu, badala ya 800 na 550. Kwa ksi ni 106 na 75. Sahani yenu ni mm 90. Kwa hiyo 106 kwa 3.5 ni 30.3 ksi kwenye joto la kawaida, na ikishuka kwa uwiano uleule wa mrija inafika karibu 29.4 ksi kwenye 248 °F, yaani MPa 202. Nimeifikia kwa uwiano ili muone mantiki. Kwenye karatasi ya hesabu andikeni ile mtakayoisoma kwenye mstari wa 106/75. Kwenye programu nyingi mistari hii miwili inafuatana na inafanana majina, tofauti ikiwa ni safu ndogo ya unene pembeni. Aliyechagua wa kwanza kwenye orodha hajaulizwa swali lolote.

Tofauti ya 221 na 202 ina thamani gani kwa chuma? Sahani ya mirija hubeba kwa kupinda, na uwezo wa kitu kinachopinda hufuata kipeo cha pili cha unene wake: ukipunguza mkazo, unene unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano. Kama mm 90 zilitoka kwenye 221, mnahitaji kama mm 94. Kama zilitoka kwenye 267, ni kama mm 103. Kama zilitoka kwenye 292, ni mm 108, na kama zilitoka kwenye 366, mm 121. Haya ni makadirio ya haraka ya kupima ukubwa wa kosa. Hesabu halisi ya UHX inazunguka, kwa kuwa sahani nene inabadilisha jinsi mzigo unavyogawanyika kati ya sahani, mirija na ganda. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwa nini swali hili linaulizwa kabla ya kuagiza kipande cha kufuliwa, si baada yake. Na kumbukeni mm 90 zenyewe hazina kitu kuhusu mifereji ya vizuizi vya njia za maji au posho ya kutu.

Kuna tokeo la pili la tanbihi ile, ambalo hata wasanifu wazoefu hulipita. UHX hupima sahani kwa hali mbili. Kwenye hali ya usanifu, presha tupu, mkazo wa kupinda usizidi mara 1.5 ya S (yaani mkazo unaoruhusiwa), na wa kukata usizidi 0.8 ya S. Kwenye hali ya uendeshaji, joto likiongezwa, kupinda kunaruhusiwa hadi kiwango kinachoandikwa SPS, cha mkazo wa msingi na wa pili kwa pamoja, na kifungu UG-23 kinakieleza kuwa kubwa kati ya mara tatu ya S na mara mbili ya kikomo cha unyumbufu. Lakini kifungu kinaendelea: kama uwiano wa kikomo cha unyumbufu kwa nguvu ya kukatika unazidi 0.70, ni mara tatu ya S peke yake. Pigeni hesabu. Mrija: 80 kwa 116 ni 0.69, unapita. Sahani ya F53 isiyozidi mm 50: 0.69, inapita. Sahani yenu nene: 75 kwa 106 ni 0.707. Imezidi kwa unyuzi, lakini imezidi. Kikomo chenu cha uendeshaji ni 3 mara 202, yaani MPa 606, hata kama mara mbili ya kikomo cha unyumbufu ingetoa zaidi. Mtu akipendekeza kubadilisha F53 kwa F55, ambayo ni S32760 yenye tangsteni na shaba, hali ni hiyohiyo: 550 kwa 750 ni 0.73. Na nguvu yake ya kukatika ya 750 inatoa S yake yenyewe, 214 kwenye joto la kawaida. F53 na F55 hushindana sokoni kama pacha. Kwenye jedwali si pacha.

Msije mkashawishika na cheti cha kiwanda. Kipande kitafika na cheti kinachosema, tuseme, MPa 780, na mtu atauliza kwa nini tusigawe hiyo kwa 3.5. Jedwali limejengwa juu ya kiwango cha chini kilichoahidiwa, na cheti kinathibitisha tu kwamba ahadi imetimizwa. Vivyo hivyo, bidhaa isiyo na mstari kwenye jedwali haipewi S kwa kupiga hesabu za Kiambatisho cha 1 nyumbani. Kanuni zile ni za kamati. Njia ya msanifu ni kutafuta Code Case (ruhusa maalumu ya kamati) inayoihusu au kubadilisha bidhaa.

Kwenye mirija yenyewe, nawashauri msipoteze usiku kwa ajili ya S. Maji ya MPa 1 ndani yake ni kitu kidogo sana. Presha inayouma ni ya gesi, MPa 6 kutoka nje, na presha ya nje haihukumiwi kwa S bali kwa chati. Kipenyo kwa unene ni 11.5, zaidi ya 10, hivyo mnafuata njia ya kawaida ya kifungu UG-28. Ili mrija ubebe MPa 6, B (namba ya mkazo inayosomwa kwenye chati) inayotakiwa ni robo tatu ya 6 mara 11.5, yaani MPa 52. Toeni kwanza upungufu wa unene ambao kiwango cha mrija kinauruhusu: ukiwa asilimia 10, B inayotakiwa inapanda hadi 58. Kwa chuma cha nguvu hii bado ni mzigo mwepesi. Unene wa mm 1.65 unaamuliwa na mtikisiko, na kupanuliwa ndani ya sahani, na mikono ya watu wakati wa kuingiza mirija. Kama mngetumia mirija ya umbo la U, pindo la ndani lingekula unene zaidi: TEMA, chama cha watengenezaji wa vibadilisha joto, inataka unene kabla ya kukunja uwe ule wa mwisho ukizidishwa kwa (1 + kipenyo cha mrija kikigawanywa kwa mara nne ya nusu-kipenyo cha pindo). Pindo la mara 1.5 ya kipenyo linadai asilimia 17 zaidi.

Mrija unaanza kuteseka kwenye joto. Supa dupleksi hutanuka kwa karibu sehemu 13 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii, chuma cha kaboni karibu 11.9, stenlesi ya 316 karibu 16. Ndiyo sababu supa dupleksi inakaa vizuri na ganda la kaboni kuliko 316. Lakini tofauti ya joto la metali haifuti. Chukueni ganda lenye metali ya 95 °C na mirija ya 45 °C, vyote vikiwa vimejengwa kwenye 20 °C: ganda linataka kurefuka kwa sehemu 892 kwa milioni za urefu wake, mirija kwa 325. Ganda likiwa gumu kabisa, mirija inavutwa kwa sehemu 567 kwa milioni, ambayo kwa kigezo cha unyumbufu cha GPa 200 ni MPa 113. Kwenye hali ya uendeshaji mrija unaruhusiwa hadi mara mbili ya S yake, MPa 442. Mrija uko salama sana. Sasa zidisheni 113 kwa eneo la ukuta wa mrija, mm za mraba 90: ni kilonewtoni 10 kwa kila mrija, na zote zinapitia kwenye kiungo cha mrija na sahani. Kiungo ndicho kitakachotoka kwanza, na S ya mrija haikukwambia hivyo.

Kwa hiyo hesabuni kiungo kwa njia yake, kifungu UW-20 ikiwa weldi imepewa kazi ya kubeba, au Kiambatisho A cha Divisheni ya 1 ikiwa kiungo ni cha kupanua mrija ndani ya tundu. Kiambatisho A kinaangalia uwiano wa kikomo cha unyumbufu cha sahani kwa cha mrija. Kwenu ni 515 kwa 550, karibu 0.94, vizuri. Mtu akitaka kupunguza gharama kwa kuweka sahani ya chuma cha kaboni iliyovishwa tabaka la supa dupleksi, uwiano unaanguka: 260 kwa 550 ni 0.47, chini ya 0.60, na hapo kanuni inataka kiungo kithibitishwe kwa jaribio la kukatwa. Sababu ni ya kimaumbile. Mrija mgumu ndani ya tundu laini haubanwi: ukiuachia kifaa cha kupanua, mrija unarudi nyuma kuliko tundu, na mbano unapotea. Fundi akiona unavuja ataongeza nguvu, na supa dupleksi huzidi kuwa ngumu kila inaposukumwa, mpaka ipasuke.

Kwenye jaribio la maji, presha ni mara 1.3 ya presha ya juu ya kazi inayoruhusiwa, ikizidishwa kwa uwiano mdogo kuliko wote wa S ya jaribio kwa S ya usanifu. Supa dupleksi yenu inatoa 33.1 kwa 32.1, yaani 1.03. Ganda la SA-516 Daraja la 70 lina 20.0 ksi kwenye joto la kawaida na 20.0 kwenye 248 °F, uwiano 1.0. Mdogo ni 1.0, basi upande wa ganda unajaribiwa kwa MPa 7.8.

S yote hii imejengwa juu ya imani moja: kwamba ndani ya chuma mna nusu feraiti na nusu ostenaiti (aina mbili za mpangilio wa fuwele za chuma), bila tabaka gumu la sigma. Sigma huzaliwa chuma kikichelewa kati ya 600 na 1,000 °C, na kwenye sahani nene hilo hutokea katikati, ambako maji ya kupozea hayafiki haraka. Chuma chenye sigma kinaweza kufaulu jaribio la kuvutwa na bado kikavunjika kama chungu. Ndiyo maana kwa sahani ya mm 90 dai kipimo kichukuliwe ndani ya kina cha kipande, si ngozini: hesabu ya feraiti kati ya asilimia 35 na 65, jaribio la kutu la ASTM G48 Njia A kwa saa 24 kwenye 50 °C, na jaribio la kugonga. Divisheni ya 1 yenyewe inasamehe kugonga kwa dupleksi hadi mm 10 tu ikiwa joto la chini halishuki chini ya −29 °C. Mirija yenu inasamehewa, sahani haisamehewi. Karakana ikitaka kurekebisha kipande kwa joto, ni 1,025 hadi 1,125 °C kisha kupozwa ghafla. Kile kipasho cha 600 na kitu kinachotolewa kwa chuma cha kaboni kitaua supa dupleksi. Na weldi ya mrija na sahani isiyo na waya wa kujazia hutoka na feraiti nyingi mno, kwa sababu naitrojeni hutoroka; gesi ya arigoni yenye asilimia 2 ya naitrojeni husaidia, na waya wa kujazia wa aina ya 2594 husaidia zaidi.

Upande wa juu wa joto, msisogelee 316 °C kwa sababu tu jedwali linafika huko. Ulaya husimama kwenye 250 °C. Kuanzia kama 300 °C feraiti huanza kujigawa ndani kwa ndani na kupoteza uvumilivu, kilele kikiwa karibu na 475 °C. Kwenu 120 °C hakuna hofu, ila angalieni gesi itakavyokuwa pampu ya maji ya bahari ikisimama.

Jambo la mwisho halimo kwenye swali lenu lakini linalihusu. Jedwali 1A halijui maji. NORSOK M-001, hati ya kuchagua metali iliyoandikwa kwa bahari baridi ya Norway, inaweka mpaka wa 20 °C kwa stenlesi ya kromiamu 25 kwenye maji ya bahari yaliyotiwa klorini, kwa sababu ya kutu ya kwenye nyufa, na kila kiungo cha mrija na sahani ni ufa. Maji ya Bahari ya Oman wakati wa kiangazi huwa na joto kuliko hapo kabla hata hayajaingia kwenye chombo. Mkazo ukiwa sahihi na ufa ukala, chombo kitavuja kikiwa kimefaulu kila hesabu. Mwulizeni mtaalamu wa kutu sasa hivi kama mirija ya titani haifai zaidi, maana titani ikiingia inakuja na S nyingine, kutanuka kwingine na kigezo kingine cha unyumbufu, na hesabu ya sahani inaanza upya. Akithibitisha supa dupleksi na akataka kuweka vyuma vya kafara kwenye chemba ya maji, aeleze atazuiaje haidrojeni kuingia kwenye sahani. Kinga hiyo ya vyuma vya kafara (kinga ya kathodi) ikizidi nguvu huipasua aloi hii kwenye mikazo ambayo kanuni ya presha inaiona ya kawaida kabisa.